Mti Namba Hamsini na Nane

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo kikuu ilikuwa kuandika namba kwenye miti. Ofisi ilikuwa Lodwar, mji niliokulia, lakini miti yenyewe ilikuwa Kakuma, kando ya mto mkavu unaopita karibu na mji na kambi ya wakimbizi. Nilipewa madebe mawili ya rangi nyeupe, burashi tatu, futi ya fundi cherehani ya kupimia unene wa shina, na daftari. Ilikuwa miaka ya tisini, kambi bado changa, na malori yalikuwa yakileta watu kutoka kusini mwa Sudan karibu kila wiki. Mtu akishuka lorini hutafuta vitu viwili kabla ya vingine vyote: maji na kuni. Maji yalichimbiwa visima. Kuni hazichimbiwi.

Bosi wangu alikuwa mtu mpole, aliyevaa koti la suti katika joto ambalo hata mbuzi walilikimbia. Alinieleza mpango kwa utaratibu. Watu wanaongezeka, miti inapungua, hilo kila mtu analijua. Lakini inapungua kwa kasi gani? Hakuna ajuaye. Mimi ningeandika namba kwenye kila mti mkubwa, kisha kila mwisho wa mwezi ningepita tena kuona upi umebaki.

Niliuliza maswali mengi. Kichaka kinakuwa mti kikifika urefu gani? Mti wenye mashina mawili ni mmoja au ni miwili? Na mti uliokufa lakini bado umesimama, huo ni mti au ni kuni zilizosimama?

Bosi alitoa kitambaa, akajifuta uso.

"Madam," alisema, "ukiuona utaujua."

Sikuujua. Hiyo ndiyo shida yangu tangu utotoni: kitu ambacho wenzangu hukiona mara moja, mimi hukizunguka mpaka kinapoteza umbo. Siku ya kwanza pale mtoni nilisimama mbele ya mmea mmoja karibu saa nzima, nikaamua kuuacha mpaka nitakapokuwa na hakika. Ile ya mashina mawili niliiacha yote. Jioni nilikuwa nimeandika namba kwenye miti minne.

Baadaye nilipata kasi. Nilipanga chumba cha mabati mjini Kakuma, na kila alfajiri nilitoka na debe langu kabla jua halijawa kali, nikianzia karibu na barabara na kufuata mto. Moja, mbili, tatu. Tarakimu zangu zilikuwa nzuri. Nilizipaka kubwa, usawa wa kifua, zionekane kwa mbali.

Mti wa hamsini na nane ulikuwa mgunga mkubwa kuliko yote niliyokwisha kuiona, ule ambao Waturkana huuita ewoi, wenye matawi yaliyotanda kama paa la kanisa lisilo na kuta. Nilikuwa namalizia duara la chini la nane nilipohisi mtu nyuma yangu. Alikuwa mama wa makamo, shingo imejaa shanga, ameshika fimbo ndefu yenye kulabu.

Hapa niseme kwamba mimi si Mturkana. Baba alihamishiwa Lodwar akiwa karani wa serikali, akaja na mama yangu, wakanizaa huko, wakasahau kurudi kwao. Kiturkana changu kilikuwa cha sokoni: niliweza kusalimia, kununua na kukataa. Kwa hiyo mimi na yule mama tuliongea Kiswahili, chake cha kwake.

"Ejok," nilisema.

"Ejok." Aliutazama mti, akanitazama mimi, akaitazama burashi. "Hii umeandika nini?"

"Namba, mama. Hamsini na nane."

"Nani aliuliza namba?"

"Ofisi."

"Ofisi iko na mbuzi?"

"Hapana."

"Sasa inataka mti ya nini?"

Nilimweleza kwamba tunahesabu ili tujue miti ni mingapi, isije ikaisha bila mtu kujua. Alisikiliza kwa makini.

"Hii ni moja," alisema. "Mimi nishahesabu."

Kisha akanieleza mambo ambayo chuo kikuu hakikuniambia. Toka pale mto unapokunja mpaka kwenye mawe meusi, miti yote ilikuwa ya familia ya mumewe. Kiangazi kikikaza, wakati hakuna jani popote, ewoi huangusha maganda yenye mbegu, na mbuzi huishi kwa hayo. Kila kipande cha mto kina wenyewe namna hiyo. Mgeni huomba kabla ya kuleta mifugo. Anayekata tawi bila ruhusa hutozwa mnyama. Na anayekata mti mzima?

"Mdomo yangu itamwangukia," alisema, bila kupandisha sauti. "Kile kiangazi kirefu, wakati ng'ombe ya mume wangu iliisha yote, hii mti ilibeba mbuzi na watoto. Mti hii ni kama maziwa." Akaugonga kwa fimbo, karibu na nane yangu. "Sasa, ni yangu ama ni yako?"

Nilipaswa kusema "ni wako" na kunyamaza. Badala yake nilianza kufikiri. Nilifikiria sheria ya ardhi, halmashauri, tofauti kati ya kumiliki na kutumia. Nilitaka kuwa mkweli kabisa, jambo ambalo huwaletea watu hasara kubwa.

"Mti ni wako, mama," nilisema, "lakini namba ni ya ofisi."

Aligusa rangi mbichi, akanusa kidole chake.

"Basi," alisema, akaenda zake. Nilidhani tumeelewana.

Rangi iliniishia kwenye mti wa mia moja na kumi. Ulikuwa katikati ya mwezi. Niliuacha uishe, na mwingine mzima, kisha nikachukua daftari na kwenda kukagua. Namba moja ilikuwa kisiki. Namba mbili ilikuwa kisiki. Nilitembea kutoka kisiki hadi kisiki nikidhani nimekosea njia, nikarudi barabarani, nikaanza upya, nikavikuta visiki vile vile. Moja hadi arobaini na moja: hakuna. Arobaini na mbili kwenda mbele: yote ipo, imesimama kama wanafunzi gwarideni. Na kati ya visiki, bila hata mkwaruzo, ilisimama miti ya mashina mawili, na vile vichaka vyangu, na kila mmea niliouacha kwa kukosa hakika. Miti iliyosalimika ni ile niliyoitilia shaka.

Chini ya arobaini na mbili walikaa wanaume wanne wakinoa mashoka.

"Ejok, madam wa namba!" aliita mmoja, mrefu, mwenye kofia ya sufi. Walinisogezea jiwe nikae.

"Mnafanya nini hapa?"

"Kazi. Kambi inataka kuni, mkandarasi anataka kuni. Sisi tunataka kula."

"Lakini mkandarasi ameambiwa alete kuni kavu tu. Huu ni mbichi."

"Itakauka," alisema mrefu. "Ikianguka itakauka."

"Na kwa nini mnakata yenye namba?"

Walitazamana. Mrefu alinijibu kwa huruma, kama mtu anayemwonyesha mgeni choo kiko wapi.

"Kwani tukate ya nani, madam? Ile ingine iko na wenyewe. Ukigusa, mama fulani anakohoa tu huko kwake, wewe huku tumbo inavimba. Hii yako ni ya ofisi. Ofisi haijui kulaani."

"Inajua kuandika barua," alisema mwingine, na wote wakacheka mpaka mmoja akaweka shoka chini.

"Na kwa nini mnafuata namba moja baada ya nyingine?"

Hapo mrefu aliona haya kidogo. "Tusikuharibie hesabu. Tukirukaruka utachanganyikiwa. Tunakata moja kila siku, kwa mpango. Jumapili tunapumzika, huyu ni mzee wa kanisa."

Mzee wa kanisa aliinua shoka kunisalimia.

Nilikaa juu ya lile jiwe nikapiga hesabu. Mti mmoja kwa siku, siku sita kwa wiki. Leo arobaini na mbili. Mti wa yule mama ungefikiwa baada ya wiki mbili na siku kadhaa. Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka zilikuwa humo ndani, wakasema hawatafanya kazi, kwa hiyo Pasaka iliniongezea siku mbili. Kiangazi kilikuwa bado mbele. Kama ule mti ungekatwa kabla ya kuangusha maganda, mbuzi wa yule mama wangefika kiangazi bila kitu, na sababu ingekuwa tarakimu mbili nilizozipaka mimi, kwa mwandiko mzuri.

Nilikwenda kambini kuzitafuta kuni zangu. Sijui nilitaka kupata nini huko. Nilikuwa na rafiki mmoja, mama kutoka Sudan aliyeimba katika kwaya ya kanisa la turubai na kuuza chai mbele ya nyumba yake ya udongo. Njiani nilichungulia mekoni. Chini ya sufuria moja niliona mkia wa tisa. Chini ya nyingine, kumi na nne nzima, ikiwaka kutoka upande wa moja. Nilikuwa nasoma daftari langu kwenye majiko ya watu.

"Sista, keti," alisema rafiki yangu, akipuliza moto uliojaa moshi. "Wewe umesoma. Hii namba ya kuni ni ya nini? Sisi tunafikiri ni ya kundi ya mgao. Kundi yetu ni tisa, lakini wanatupa kuni ya ishirini na sita. Tumeenda kulalamika."

"Wakasemaje?"

"Wamesema turudi kesho. Kundi ya ishirini na sita pia imelalamika."

Nilimweleza. Alisikiliza, akatikisa kichwa polepole, akaongeza kuni nyingine, kwa sababu maji yalikuwa hayajachemka. Nikamwuliza ni wangapi wanaokula kwenye sufuria yake. Alianza na watoto wake, akaja kwa watoto wa kaka yake, akaja kwa kijana wa kanisani ambaye watu wake hawajafika, halafu wawili walioletwa na lori la Jumanne ambao bado hajajua majina yao vizuri.

"Na kuni za mgao zinatosha?"

"Zinaisha kabla ya mahindi. Zikiisha nachukua mahindi kidogo, napelekea mama Mturkana, ananipa kuni."

"Kwa hiyo unatoa mahindi ili upate kuni za kupikia mahindi yaliyobaki."

"Ndiyo."

"Na yule mama anachukua mahindi yako, anakwenda kukata kuni nyingine za kuyapikia."

"Sista," alisema, "kunywa chai. Ukifikiri sana inapoa."

Niliinywa. Ilichemshwa kwa mti namba thelathini na moja, ambao nilikuwa nimeuwekea alama daftarini kwa sababu ya uzuri wake. Ilikuwa chai nzuri, na hilo lilinisumbua kuliko ingekuwa mbaya. Kila mtu aliyezaliwa huja na sufuria yake. Mimi pia nilikuja Kakuma na sufuria. Nilikuwa nimeinunua mpya.

Siku iliyofuata nilipanda lori kwenda Lodwar kumwambia bosi.

"Kwa hiyo unasema," alisema, akifunga kifungo cha koti, "kwamba namba ndizo zinazokata miti."

"Ndiyo, mzee."

"Tukiacha kuhesabu, miti haitapungua?"

"Itapungua polepole, kama zamani."

"Na tutajuaje kwamba inapungua polepole, kama hatuhesabu?"

Huo ndio uliokuwa ubaya wa bosi wangu: maswali yake yalikuwa mazuri. Nilisimama pale nikilifikiria swali lake mpaka yeye mwenyewe akanionea huruma.

"Kosa ni kwamba hukuandika yote," alisema. "Ikiandikwa yote, hawatajua waanze na upi."

"Wataanza na moja, mzee."

"Basi usianze na moja."

Alinipa madebe mengine mawili ya rangi.

Usiku huo nililala nyumbani. Nyumba yetu ilikuwa imejaa: dada yangu na wanawe wawili na wa tatu tumboni, kaka yangu na mkewe, na wazazi. Pembeni mwa jiko lilisimama gunia la makaa lenye kimo changu. Niliuliza yametoka wapi. Njia ya Kakuma, alisema mama, huko yako rahisi. Nikasema kwamba kuanzia siku hiyo sitakula kilichopikwa. Nikachukua kikombe cha unga, nikamimina maji baridi, nikakoroga.

"Unakunywa unga?" aliuliza mama.

"Ninapunguza matumizi."

"Chai imeshachemka. Usipokunywa, moto utarudi kuwa mti?"

"Mwache, mama," alisema dada yangu akijishika tumbo. "Na mimi nikijifungua nitamwogesha mtoto kwa mate, ili miti ya shangazi yake ipone."

"Wewe ulipozaliwa," mama aliniambia, "nilichemsha maji siku saba. Hakuna aliyekuja na daftari."

Nilikunywa unga wangu mpaka mwisho. Usiku tumbo liliniuma, na asubuhi mama alichemsha dawa ya majani, sufuria nzima, kwa makaa.

Nilirudi Kakuma nikiwa nimechelewa karibu wiki mbili: tumbo lilikataa kutulia, malori yalikuwa machache, na nililolipata liliharibika njiani siku mbili. Wakataji walikuwa kwenye hamsini na tatu. Walinipongeza kwa rangi mpya. Niliificha chini ya kitanda, nikachukua chupa ya mafuta ya taa na gunia kuukuu, nikaenda kwenye mti wa yule mama, nikaanza kusugua. Rangi ilikuwa imeingia katika nyufa za gome. Nilisugua hadi adhuhuri. Hamsini na nane ikang'aa zaidi, sasa ikiwa na mwanga wa mafuta, kama jina la duka.

"Unaosha?" Alikuwa yule mama, na fimbo yake.

Nilimweleza kila kitu: wakataji, mpangilio wa namba, Pasaka, bosi. Nilizungumza kwa muda mrefu sana. Alisubiri mpaka nikaishiwa pumzi.

"Mimi najua," alisema. "Kila siku nasikia shoka inakuja. Mimi nilienda kwao, nikawaambia, hiyo moja ni yangu. Wakasema, mama, ulinyamaza wakati alikuwa anaandika. Ukinyamaza umempa." Alitema mate pembeni. "Ni kweli. Nilinyamaza. Nilikuwa nashangaa wewe."

"Nifanye nini, mama?"

"Ulichukua mchana, watu wanaona. Rudisha mchana, watu wanaona. Leta mbuzi."

"Sina mbuzi."

"Nunua."

"Kwa nani?"

Alinitazama kama ninatania. "Kwangu."

Hivyo ndivyo nilivyonunua mbuzi wa kahawia, mkaidi, mwenye pembe moja iliyopinda, kutoka kwa mama niliyemkosea, ili nimlipe yeye mwenyewe. Lakini hakutaka nimpokee mbuzi zizini mwake kisha nimkabidhi papo hapo. Mbuzi lazima atoke kwenye ofisi. Lodwar ni mbali. Tukakubaliana kwamba barabara ya lami ni ofisi. Siku chache baadaye, siku ya shughuli, nikamvuta yule mbuzi mpaka barabarani, tukasimama hapo sote wawili tukihema, kisha nikageuka na kumvuta kurudi mtoni, nikiwa nimevaa blauzi yangu ya usaili.

Chini ya mti walikuwa wamekusanyika watu. Wanawake wenye miti ya mbele, kuanzia hamsini na tisa hadi mia moja na kumi, walikuwa wamekaa mstari mmoja. Walikuwa wamesikia. Wakataji wanne nao waliitwa, kwa sababu bila wao kuona, kazi yote ni bure. Asubuhi hiyo walikuwa wameanza hamsini na saba, wakaiacha katikati na kuja na mashoka yao.

Palikuwa na tatizo moja: kuni za kumchoma mbuzi. Pale hapakuwa na kijiti kikavu. Vyote vilikuwa vimeokotwa zamani. Yule mama alikuwa amelitatua tangu jana. Alibadilishana maziwa na mama mmoja wa kambini kwa kuni za mgao, na aliyezileta kichwani alikuwa rafiki yangu wa chai. Alitua mzigo wake kwa haya. Juu ya gogo la kwanza palikuwa na tatu nyeupe. Mmoja wa wale wanawake alilitambua gome, akalishika kidogo, akalirudisha chini. Ulikuwa mti wa dada yake.

"Tuchome na nini kingine?" aliuliza rafiki yangu.

Moto ukawashwa. Mbuzi haivi kwa toba.

Mbuzi alipochinjwa, yule mama alichota majani mabichi yaliyosagika tumboni mwake, ya kijani kibichi na ya moto, akayapaka kwenye shina juu ya namba yangu, kwa viganja viwili, kama mtu anayepaka ukuta udongo. Nane ikafunikwa, kisha tano. Akachota tena, akaja kwangu, akanipaka kifuani, juu ya blauzi, na kwenye paji la uso. Harufu yake nilikaa nayo siku tatu. Hiyo ndiyo baraka kwao, na sikuthubutu kujifuta.

"Huu mti ni ya nani?" aliniuliza kwa sauti, wote wasikie.

"Ni wako, mama."

"Na namba?"

Kila mtu alinitazama. Nilihisi sentensi ndefu ikipanda kooni, yenye "lakini" mbili ndani yake. Niliimeza.

"Hakuna namba."

Wanawake wakaitikia kwa sauti moja. Mmoja baada ya mwingine akaja kuchota majani, akaenda kwenye miti yake akafanya vivyo hivyo, na mimi nikafuatana nao nikisema maneno yale yale, mti baada ya mti, hadi kule rangi iliponiishia. Niliporudi, nyama ilikuwa tayari, na wakataji walikuwa wameshaanza.

"Hizi zote sasa ziko na wenyewe," alisema yule mrefu, akitafuna.

"Zote."

"Na ile hamsini na saba?"

Nilimtazama yule mama. Alitikisa kichwa: wenye ule walihamia Namoruputh na mifugo yao, hapakuwa na mtu wa kuurudishiwa. Mrefu akajifuta mikono, akachukua shoka, akaenda. Tulisikia ukianguka kabla mfupa wa mwisho haujaisha.

"Kesho tutakata wapi?" mzee wa kanisa aliuliza, si kwa ubishi. Aliuliza kweli.

"Mbali," alisema yule mama.

"Upande wa Nakalale?"

"Huko iko na akina mama pia."

"Basi mbali zaidi. Lori itaenda." Akaugeukia moto. "Lori itakunywa dizeli nyingi, mkandarasi atalia."

Rafiki yangu wa kambini alikuwa amekaa pembeni, kibuyu cha maziwa mapajani. "Watu watakuja bado," alisema polepole, kama anayeomba radhi kwa niaba ya lori la Jumanne. "Mimi pia nilikuja." Yule mama akamkatia kipande cha ini, akampa.

Mwisho wa mwezi niliandika ripoti. Kwa kuwa hakuna mti hata mmoja uliokuwa na namba, hakuna mti hata mmoja nilioweza kuuthibitisha. Nilimweleza bosi kwamba zaidi ya hamsini bado ipo, imesimama, ina kivuli. Aliniuliza namba zake. Nikasema haina. Akasema kwa upole kwamba mti usio na namba, kwa ofisi, ni mandhari tu. Ripoti ikaenda Nairobi ikisema kwamba miti ya mto ule imekwisha yote, na nasikia iliwasikitisha watu wengi. Baadhi walikuja kwa magari kuutazama ukame huo, wakasimama chini ya kivuli kuandika. Mimi mkataba wangu haukuendelezwa. Yale madebe mawili ya rangi niliyarudisha yakiwa hayajafunguliwa, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Visiki hamsini na saba bado ninavifikiria. Najua watu wangepika hata kama nisingezaliwa. Najua pia ni nani aliyewaonyesha wakataji pa kuanzia.

Kiangazi kilipokuja nilikwenda Kakuma kwa ajili yangu mwenyewe, bila daftari. Kilikuwa kiangazi kibaya. Upepo ulikuwa umebeba vumbi la pale penye visiki na kulitupa mjini, na watu walitembea wamejifunika nyuso. Mtoni nilimkuta yule mama akiutikisa mti kwa fimbo yake ya kulabu, maganda yakimwagika kama mvua ya mawe, mbuzi wake wakigombana chini. Miongoni mwao alikuwamo mbuzi mmoja mweupe mwenye kamba ya turubai la buluu shingoni. Nilimjua mwenye mbuzi huyo kabla sijauliza. Rafiki yangu wa chai alikuwa amepata mbuzi, na alikuwa ameomba ruhusa.

"Amekuja kuomba," alisema yule mama. "Na jirani yake amekuja. Wiki hii wamekuja wanne." Alitazama juu, kwenye matawi, akipima kwa macho kilichobaki, kisha akatazama mbuzi, kisha matawi tena. Sikumwona akiandika popote.

"Yatatosha, mama?"

"Mpaka mvua, kama mvua haichelewi." Akanikabidhi ile fimbo. "Mkono yangu imechoka. Tikisa ile tawi ya huko. Polepole, usivunje."

Nilitikisa. Maganda yalinipiga kichwani na mabegani, na mbuzi wakanisukuma magoti kunitoa njiani. Tulifanya kazi hivyo hadi jua lilipokuwa utosini, tawi baada ya tawi, yeye akinionyesha kwa kidole lipi la leo na lipi la kuacha.